Seija Haapakoski, Mwalimu Aliyelitoa Benchi Ukumbini

Seija Inkeri Haapakoski alizaliwa Kuhmo tarehe 9 Februari 1959, mtoto wa kwanza wa mzee Eino, mkata magogo, na mama Hilja. Theluji ilikuwa imeziba barabara, mkunga akafika kwa farasi, na mtoto hakumngoja. Mama Hilja alizoea kusema kwamba Seija alianza kukimbia mbio zake siku hiyo. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake, Reijo, anayesoma wasifu huu.

Masomo ya msingi na sekondari aliyapata palepale Kuhmo, akienda shule kwa kuteleza kwenye theluji na kurudi gizani mashavu yamemwiva. Alihitimu mwaka 1978, akaenda Chuo Kikuu cha Jyväskylä kusomea ualimu wa mazoezi ya mwili. Huko ndiko alikokutana na mpira wa magongo wa ndani, ambao siku hizo ulikuwa bado mchezo wa wanafunzi wa chuo wakijifurahisha jioni. Gongo jepesi la plastiki, mpira wenye matundu usiomwumiza mtu, ukumbi wa kawaida. Aliupenda kwa moyo wote. Alipenda pia kushinda, na waliocheza naye wanalijua hilo mpaka leo.

Agosti 1983 alianza kufundisha katika mji wa Iisalmi, katika shule ambayo hakuihama mpaka alipostaafu. Miaka ya mwanzo alikuwa mwalimu mkali. Hodari walichagua timu, wazito wakachaguliwa mwishoni, na wenye vyeti vya daktari vya kuwasamehe mazoezi wakakaa kwenye benchi refu la ukutani.

Vuli ya mwaka 1994 alikuwepo kwenye benchi hilo binti wa miaka kumi na mitatu aitwaye Mirva, aliyezaliwa na mguu dhaifu na mikono inayotetemeka. Seija alimwomba ahesabu magoli, kama kawaida. Mirva hakulia wala hakununa. Alimjibu taratibu, "Mwalimu, tangu nianze shule nahesabu magoli ya wenzangu. Nitahesabu mpaka lini?"

Jioni ile Seija alimsimulia mumewe, Tauno, kahawa ikampoa mkononi, akasema kwamba amefundisha miaka kumi na moja na hajawahi kumfundisha mtoto huyo hata siku moja. Kesho yake asubuhi yeye na mtunza shule waliliburuta lile benchi mpaka nje ya ukumbi. Mtunza shule alimwuliza watoto watakaa wapi. Seija akamjibu kwamba ndiyo hasa maana yake: hawatakaa.

Aliugawa ukumbi kuwa viwanja vidogo, watatu kwa watatu. Goli halikuhesabiwa mpaka kila mmoja wa timu awe ameugusa mpira. Timu alizipanga yeye mwenyewe. Mirva alikatiwa gongo fupi, akawekewa duara lake sakafuni ambamo hakuna aliyeruhusiwa kumnyang'anya mpira mpaka aupige. Mara ya kwanza aliukosa. Mara ya pili pia. Mpira ulipogusa gongo lake, mwenzake akaupokea na kufunga, na Mirva akapiga ukelele uliosikika mpaka jikoni kwa wapishi.

Si wote waliofurahi. Baba wa mchezaji bora wa darasa, ambaye alikuwa kocha wa klabu ya mji, alikwenda shuleni kulalamika.

"Huo si mchezo, Seija. Hiyo ni huruma tu. Mwanangu anapotezewa muda."

"Njoo Alhamisi ucheze nao," Seija akamwambia. "Ukishinda, nitarudisha ya zamani."

Alhamisi alifika na viatu vyake vya mashindano. Aliwapita watoto wote, akapiga mashuti mazuri ajabu, na hakuna goli lililohesabiwa, kwa sababu alisahau kutoa pasi. Mwanawe mwenyewe alimwambia, "Baba, mpe Mirva, yuko wazi muda wote." Aliondoka jasho likimtoka. Hakukiri chochote, lakini hakulalamika tena, na kabla ya Krismasi alileta shuleni furushi la magongo mafupi kutoka klabuni.

Seija hakufaulu kwa kila mtoto. Yupo mvulana mmoja aliyejifungia katika chumba cha kubadilishia nguo kila kipindi. Seija aliketi sakafuni nje ya mlango, akimsimulia hadithi za uvuvi wa samaki kwenye barafu. Mlango haukufunguliwa, na mvulana akaacha shule. Seija hakuwahi kujisamehe. Kila alipokutana na watu wa mtaa ule aliulizia habari zake.

Tarehe 16 Juni 1984 alifunga ndoa na Tauno, fundi umeme, mtu wa maneno machache. Walijaliwa Outi, na mwaka 1989 Lauri, aliyeishi siku chache tu. Seija alirudi kazini mapema mno, na walimu wenzake walimkuta stoo ya mipira akilia. Leo anazikwa kando ya mwanawe huyo, kama alivyoomba.

Vuli ya mwaka 2021 gongo lilimponyoka mkononi katikati ya kipindi. Aliliokota akacheka. Likamponyoka tena. Madaktari waligundua ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, usio na tiba. Alifundisha mpaka majira ya kuchipua yaliyofuata, kisha akastaafu. Mikono ilitangulia, miguu ikafuata, mwishoni sauti.

Nywele zake ndefu hakutaka zikatwe, hivyo Tauno alijifunza kusuka akiwa na miaka sitini na minne. Siku za kwanza Seija alijitazama kwenye kioo akamwambia, "Umenisuka kama kamba ya kufungia ng'ombe." Tauno alifumua, akaanza upya. Walifanya hivyo kila asubuhi, miaka miwili.

Jumapili ya tarehe 3 Machi 2024 Tauno alimaliza kusuka, akamshikia kioo. Seija alijitazama kwa muda mrefu. Ilimgharimu nguvu kusema, lakini alisema, "Leo imenyooka." Hatukusikia neno lingine kutoka kwake. Alifariki jioni, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Outi.

Ameacha mume, Tauno, binti, Outi, na mkwe wake, Heikki, mjukuu, Kerttu, mdogo wake, Reijo, na watoto wa watu, wengi kuliko tunavyoweza kuwataja.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafungwa, Tauno aliomba aachwe naye peke yake, na kitana.

Pumzika, dada. Umechoka vya kutosha.