Askari Weupe wa Msabah

Baraza ya Muhiddin muuza kahawa, uchochoroni Mkunazini, haikuwahi kushindwa na swali. Hapo yalipatiwa majibu hata yale ambayo serikali ya Mwingereza ilikuwa bado ikiyaundia kamati. Lakini asubuhi hiyo Msabah, fundi wa kushona kanzu, alikuja na jambo zito. Homa haimwachi, kinywa kimejaa vidonda, na daktari aliyempima damu kamwambia kuwa askari weupe wa damu yake, wale wanaopigana na maradhi, wamebaki haba mno na sababu haijulikani. Arudi adhuhuri, alazwe. Msabah aliogopa, wala hakuona haya kuogopa; wanawe bado wadogo.

— Askari weupe? akauliza Matar, baharia mstaafu waliyemwita Serang. Wameanza kuondoka mapema hivi?

— Acha mzaha, yakhe, mtu anaumwa, akasema Kificho. Huyu aliitwa Redio, kwani husema tangu alfajiri na hakuna ajuaye pa kumzimia. Askari hao, akaendelea, hukaa ndani ya mifupa. Sasa wewe Msabah unashona umekunja miguu mchana kutwa. Mifupa umeibana. Watatokea wapi?

Msabah akaitazama miguu yake, akainyoosha.

— Basi mafundi wote wa mji huu wangeshakufa, akasema Muhiddin huku akimmiminia kahawa.

— Wewe nyamaza. Kahawa yako nyeusi ti, ikiingia kwenye damu inafanya nini?

— Kahawa yangu usiiguse, Redio! Babu yako kainywa hii mpaka kazeeka!

— Mie nakwambieni wamegoma, akasema Serang. Kama makuli wa bandarini mwaka ule. Wapo, lakini wamekaa chini. Daktari kahesabu wanaofanya kazi tu.

— Wanagomea nini? akauliza Msabah.

— Posho! Huyu kila siku muhogo. Mpeni tui la nazi, mpeni maziwa, waone weupe wenzao.

— Au daktari kawapima asubuhi, wamelala, akasema Redio. Angewapima usiku.

Msabah alichanganyikiwa. Alikuja na ugonjwa mmoja, sasa alikuwa na chungu nzima. Kila neno aliliona la kweli kwa muda wa kumeza funda moja la kahawa, na kumeza kwenyewe kulimuuma. Akashika koo.

Serang akamwonea huruma. Akatoa kikopo chake cha bati, akamtilia kidonge kiganjani, kama alivyofanya kila asubuhi tangu mgongo ulipoanza kumsumbua fundi. Ndiyo ada ya baraza hiyo: Muhiddin kahawa, Redio kashata, Serang kidonge. Hukatai kitu cha mwenzio barazani.

Ndipo akafika Silima, mtu wa Makunduchi, kuulizia kanzu yake ya harusi.

— Asalaam alaykum. Fundi, mbona hivyo, unaumwa?

— Naumwa, ndugu yangu.

— Pole. Hicho kidonge kakupa daktari?

— La, hiki cha Serang. Hiki si dawa, cha hapa hapa barazani.

— Cha nini?

— Cha mgongo, akasema Msabah.

— Cha kichwa, akasema Redio.

— Mie hunituliza jino, akasema Muhiddin.

— Kinaitwaje?

Wakamgeukia Serang. Serang akakigeuza kikopo huku na huku. Kilikuwa kikopo cha peremende.

— Nlipewa melini, akasema. Vinafaa sana.

— Naam, lakini vinaitwaje?

Serang akachungulia ndani ya kikopo. Msabah akamkumbuka daktari. Alimuuliza, akarudia kumuuliza: unakula dawa gani, maana zipo zinazowaua askari hao? Naye kwa moyo safi akajibu: sili dawa yoyote. Kwanza mgongo, kisha vidonge, ndipo homa. Au homa ilitangulia? Hakuwa na hakika, ila kwamba alimwambia daktari uongo bila ya kujua.

Akakirudisha kidonge kikoponi, akakichukua kikopo mkononi mwa Serang bila ya kuomba, akavaa viatu.

— Nnakwenda kumwonesha daktari.

— Nenda, baba, akasema Silima, kisha akawageukia waliobaki. Na nyinyi mnaovila, damu zenu zimepimwa?

Msabah alipofika pembeni ya uchochoro aligeuka kuwatazama. Serang, Redio na Muhiddin walikuwa wamekaa, kila mmoja akimeza mate polepole, akisikiliza koo lake.