Pamba kwa Kiajemi

Arlette, fundi wa nguo, alikuwa anarudi Kakontwe kwa teksibasi wakati msichana wa kiti cha mbele alipomgeukia mzee aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua kabisa. "Papa, leo prof alitufundisha Kiajemi kule université! Unayua pamba banaiitaka namna gani Irani? Pambe! Na rangi? Rang!"

Mzee alikuwa mweupe kwa vumbi la chokaa mpaka kwenye kope. "Mutoto, hapa Likasi utaongea na nani?"

"Na weye, papa! Unaongeaka tayari, hauyue tu. Ile maneno balituachia bao, batu ba Irani."

"Hapana! Njo bao balitwaa kwetu."

Wakabishana kama ndugu waliogombania shamba. Kisha sauti ya msichana ikashuka. "Shida ni moya: tuko tisa. Tukikosa mutu wa kumi mpaka kesho, banafunga kozi."

"Bafunge! Soma mambo ya migodi, utapata kazi."

Arlette aliinama mbele kusikiliza. Miaka ishirini ameshika pamba, wala hakujua neno lenyewe limetembea kuliko yeye. Akajikuta anauliza: "Na sindano?"

"Suzan, mama."

"Suzan? Si njo jina ya mudogo yangu!" Basi zima likaangua kicheko, hata dereva. Arlette hakucheka. "Miye niko na diplome ya secondaire. Banaweza kuniandika?"

"Mama, mapoze hayo, ni kujionyesha tu, wachana nayo," mzee alianza kumshauri, lakini gari lilikuwa limesimama, na Arlette alishuka pamoja na msichana, vituo viwili kabla ya kwake.