Bushi Iliyokunywa Maji

Kahawa ya kwanza ilikuwa imeshanywewa kijiweni Mtendeni, lakini kikombe cha Twalibu kilikuwa bado kimejaa. Fundi huyu wa kukereza vyuma alirudishiwa jana mashine ya kukamulia asali ya kikundi cha Sikonge. Bushi ya zamani, ile pete inayoishika shafti inapozunguka, ililika upande mmoja hadi shafti ikayumba, naye akachonga mpya ya nailoni, akaibana sana isije ikalika upesi. Sasa shafti imekwama kabisa, na asali inasubiri.

Ngassa, ambaye wote humwita Profesa, alishasema kwamba nailoni ya siku hizi ni ndoo zilizoyeyushwa. Kulwa, yaani Redio, akamzidi: nyuki wa misitu ya miombo wana kisirani, huifuata asali yao hadi ndani ya chuma.

— Ndiyo maana wahenga wakasema fuata nyuki ule asali.

— Wahenga waache, Redio. Hapo hawamo, — alisema Abdulatifu muuza kahawa.

Bodaboda ikamshusha Mama Dafrosa, mwenyekiti wa kikundi. Twalibu akasimama, akamwamkia shikamoo.

— Marahaba, fundi. Siku ya kwanza ilizunguka vizuri. Jioni tukaiosha kwa maji ya moto, kulipokucha imekwama. Kwani plastiki hii inakunywa maji?

Profesa akamtazama Redio. Redio akatazama barabara.

Twalibu alileta bushi nyingine ya nailoni kutoka karakanani, akaipima, akaomba birika. Abdulatifu akawagawia watu kahawa iliyobaki, akajaza maji. Bushi ikachemka humo juu ya mkaa hadi adhuhuri. Twalibu alipoipima tena, ilikuwa imenenepa, kiasi cha unywele hivi.

— Inakunywa, mama, — alisema taratibu. — Nje imebanwa na chuma cha mashine, kwa hiyo inavimbia ndani na kuikaba shafti. Kosa ni langu, niliipima ikiwa kavu.

Karakanani akaing'oa bushi iliyokwama, akaipachika ile ile iliyoshiba maji, akalitanua tundu lake kidogo, akarudisha shafti. Wakaiosha mashine kwa maji ya moto, wakaiacha imelowa hadi alasiri.

Mama Dafrosa akausukuma mpini kwa kidole kimoja. Pipa likazunguka, likaongeza kasi, likavuma. Twalibu akacheka kwa sauti, mikono kiunoni, kama mtu aliyefunga goli. Profesa akaanza kueleza kwamba ndivyo alivyokuwa akisema tangu asubuhi, lakini hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wanaisikiliza mashine.