Jina Nililolitaja Wakati Moyo Ulipovimba

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Maman Nsimire wa Kadutu, mwalimu wa shule ya primaire. Nimesimama kushukuru, na kutubu pia.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, wanawake tukiitwa citoyenne. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mutu wa nguvu, sijui kulala hospitali. Homa na kikohozi vikanishika siku tatu, nikapona. Juma lililofuata kifua kikanibana. Mulima wa kwenda masomoni kufundisha ukanishinda, miguu ikavimba. Moyo ulikimbia, ukakwama, ukakimbia tena!

Kabla ya homa nilikuwa nimekula sombe, yale majani ya muhogo, kwa jirani yangu, Maman Faida. Mama mukwe akasema: "Hii ni sumu. Yule ndiye amekulisha." Nikaamini! Nikalitaja jina lake mbele ya watu. Vijana wakaenda kuvunja mulango wake.

Mama mukwe akaleta dawa ya kutapisha. Kikombe kiligusa meno, nikazimia kabla ya kumeza. Baba watoto akanibeba mugongoni mpaka hospitali.

Munganga akanisikiliza kifua kwa muda murefu. "Citoyenne, hii si sumu. Ugonjwa wa homa ile umeingia mu nyama ya moyo. Ile dawa ingekuua."

"Nitapona?"

"Wengine wanapona kabisa. Wengine moyo unabaki muzaifu. Wengine tunawapoteza. Usiinuke kitandani."

Ndugu zangu, ku kitanda cha kando kulikuwa binti aliyetoka Luvungi, ugonjwa ule ule, kijana kunipita. Asubuhi moja wakamufunika shuka. Niliogopa! Nikalia: "Yesu, nisife na uongo huu mu kinywa!" Nikaomba waniitie Maman Faida.

Alikuja. Nikasema: "Maman, nilikusingizia. Unisamehe."

Akasema: "Watoto wangu wanapigwa mawe njiani. Ulinitaja mbele ya watu, utanisafisha mbele ya watu." Kisha akachukua maji, akanawisha miguu yangu iliyovimba.

Pale ndipo Bwana alinifungua! Siku ile nililala usingizi, na juma kwa juma miguu ikapungua. Ilichukua miezi mitatu mpaka nikaweza kutembea ku kanisa. Pale nikasema yote mbele ya watu, nimeshikwa mukono na Maman Faida.

Sikupona kama zamani, sitadanganya. Ninameza vidonge, na mulima ninaupanda kwa kupumzika. Lakini niko hai, na watoto wamekua!

Wewe unayeumwa na kushika mu roho jina la mutu unayemushuku, kesho nenda hospitali kwa munganga. Jina hilo umupe Yesu leo. Hatalitupia mawe. Aleluya!