Risala kwa Mkurugenzi Aliyekuja Kumchukua Shangazi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya, wakuu mliofuatana naye, mafundi wenzetu, na wewe Shangazi uliyejibanza kwenye kiti cha mwisho ukidhani hatukuoni: salamu zetu zote, na karibuni.

KARIBU KARAKANANI

Mgeni rasmi, umekuja kupokea lenzi za kituo cha kutazamia nyota kule mlimani, na umekuja kumchukua Shangazi akaishi huko azitunze. Lenzi tunakupa kwa mikono miwili. Hilo la Shangazi ndilo lililotukosesha usingizi, na tunaomba utuvumilie, maana risala nzima inaelekea huko.

Huyu si shangazi wa mtu yeyote hapa. Jina lilianza kwa utani likamganda. Hakuolewa, ndugu zake wametawanyika, na akiugua anakuja kazini hivyo hivyo. Siku moja tulimfokea arudi nyumbani akapumzike. Akasema, "Nikalale ili nani aje kuniuliza naendeleaje?" Alisema huku anacheka. Na sisi tukacheka, halafu kila mtu akarudi kwenye meza yake.

TULIKOTOKA

Karakana hii ilianza kwa kutengeneza kamera za wapiga picha wa mtaani, picha za maharusi na za vitambulisho. Simu zilipokuja zikatuvua nguo. Makabati yakajaa lenzi ambazo wenyewe hawakuzirudia, vioo safi kabisa vimelala vumbini. Tulikuwa tunangoja tu kufungiwa mlango.

Waliotuokoa ni Shangazi na mwenzake wa chumba cha nyuma. Huyo mwenzake tulimwita Pacha, kwa kuwa walikaa benchi moja miaka nenda miaka rudi mpaka wakawa wanakohoa pamoja. Pacha alikuwa amegundua kwamba wapiga picha za nyota za angani wana kamera zao maalumu. Hazina lenzi wala kitufe, ni kopo tu lenye kihisi cha mwanga na feni ya kukipoza. Tena kamera yenyewe haijui rangi. Mbele yake hufungwa gurudumu la vichujio, linazunguka: inapiga picha kupitia kichujio chekundu, kisha cha kijani, kisha cha buluu, na baadaye kompyuta inaziunganisha zote tatu kuwa picha moja yenye rangi.

"Kopo hili linakosa jicho tu," Pacha alisema. "Na sisi macho tunayo kabati zima."

TULICHOFANIKIWA

Kazi yetu ni pete. Lenzi ya zamani haikuzaliwa kukaa kwenye kopo lile. Inataka umbali wake kamili hadi kwenye kihisi, na hapo katikati limeshaingia gurudumu na unene wake. Nafasi inayobaki ndiyo tunayoijaza kwa pete ya alumini, tunaikereza wenyewe na kuitia hesi, zile njia za skrubu, huku na huku. Ikizidi hata unene wa karatasi, lenzi haifiki kwenye nyota, uizungushe utakavyo. Itaona vya karibu tu.

Kwa hiyo wale wawili walikuwa na mtindo wao. Shangazi anashika kalipa, ile koleo ya kupimia unene, anatamka kipimo. Pacha anakirudia kwa sauti. Ndipo mashine inawashwa. Hawakuwahi kukata chuma bila kurudiana, hata wakiwa wamenuniana, na siku hizo ilikuwa raha kuwasikia wanavyotajiana namba kwa hasira. Ile picha ya mawingu ya gesi ya angani uliyoitundika ofisini kwako, mgeni rasmi, imepigwa kwa lenzi iliyomaliza ujana wake kwenye harusi za watu. Tunajivunia, na hatuoni haya kusema hivyo.

YANAYOTUSUMBUA

Paa la stoo linavuja. Hilo linaweza kungoja.

Pacha alistaafu macho yalipomgomea, akaenda kukaa kwa mwanawe, mbali. Kiti chake hakijasogezwa. Tangu hapo tunamsikia Shangazi kupitia ukutani. Anatamka kipimo, ananyamaza, kisha anakirudia yeye mwenyewe kwa sauti nzito kidogo, ya kiume, kama ya Pacha. Mara ya kwanza mpokezi wetu wa meza ya mbele, mama mmoja tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, aliangua kicheko. "Jamani njooni, Shangazi ameanza kuongea na majini!" Mara ya pili hakucheka. Alikaa na simu mkononi, mteja anaita halo, halo, yeye anasikiliza ukuta.

Pete ya lenzi kubwa ya kituo iliharibikia hapo. Shangazi alitamka unene wa gurudumu, akajijibu alichotaka kukisikia, akakata. Lenzi ilipofungwa ikawa inaona hadi geti la uani, basi. Ili ajue amekosea kiasi gani akaitoa nje mchana, saa ya chakula, akabana tundu lake la kuingizia mwanga karibu lote kwa sababu ya jua, akaielekeza uani. Akaomba mtu akae mbele yake awe shabaha. Kila mmoja alikuwa na haraka yake. Basi akaegemeza kreti ukutani, akakaa mwenyewe na kontena lake la chakula, na kamera ikapiga nyekundu, kijani, buluu.

Picha tulikuja kuiona jioni kwenye kompyuta ya Redio. Sote tumo. Lakini kwa kuwa tulikuwa tunapita, tumetoka vipande vipande: mtu mwekundu mlangoni, mtu wa kijani katikati ya ua, mtu wa buluu getini, na wote watatu ni Redio mmoja. Fundi wa hesi ana miguu, kichwa hana. Aliyetoka mzima, na rangi zake zote hadi ua la kitenge, ni Shangazi peke yake, amekaa ukutani na kijiko mkononi.

"Mbona tumekuwa mashetani?" fundi wa hesi akauliza.

"Kamera haina kosa," Shangazi akajibu. "Inataka mtu akae kidogo." Akachukua kitambaa, akaendelea kufuta vioo.

Pete ile aliirudia. Safari hiyo fundi wa hesi alisimama mlangoni akamjibu vipimo, na lenzi ikafika. Ndiyo hiyo iliyo mbele yako.

TUNACHOOMBA

Huyo fundi wa hesi ndiye aliyekwenda kituoni kupima nguzo itakayobeba kamera. Tulimuuliza kukoje. "Kuzuri," akasema. "Nyota zimejaa mpaka unaziogopa." Halafu akatuambia mengine: kitanda kimoja, kiti kimoja, msumari mmoja wa koti nyuma ya mlango. Mlinzi yuko chini barabarani na hapandi.

Utasema Shangazi alikubali. Ni kweli, tulikuwapo. Ulimwambia kwenye simu, spika ikiwa wazi, kwamba umemteua yeye kwa kuwa kazi yake haihitaji watu. Akasema, "Sawa, bosi." Kisha akakaa na mkono juu ya simu mpaka chai yake ikapoa. Mgeni rasmi, mtu huyu ukimkanyaga mguu anakuambia sawa. Tafadhali usilichukue neno hilo ukaondoka nalo.

Na si kweli kwamba kazi yake haihitaji watu. Kule baridi ikiingia, alumini inasinyaa, lenzi inapotea shabaha, inabidi kupima na kuweka sawa upya. Nani atamjibu? Hayo tunayasema kama mafundi. Kama watu tunasema tu kwamba tunampenda, na tumechelewa sana kumwambia.

Hatuombi umwache hapa. Kituo kile ni jasho lake, na kumzuia ili sisi tulale vizuri ni ubinafsi. Tunaomba kitanda cha pili, na kiti, na msumari.

Utauliza nani atakubali kwenda kukaa juu kule. Tuliulizana. Mmoja akataja watoto, mwingine mgongo, mwingine kifua na baridi. Redio akasema, "Mimi nikifika kwangu naongea na televisheni. Wanangu wameoa, wameolewa, simu ni mpaka wakumbuke. Nipelekeni kwenye mtu."

"Lenzi huzijui wewe," tukamwambia.

"Sijui. Lakini kurudia namba nitashindwa?"

Akaazima kalipa, akafundishwa kuisoma. Sasa hakosei, ingawa anatamka kipimo kama anatangaza mpira.

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akupe moyo mpana kama cheo chako, akulinde barabarani, na gari lako lipande mlima leo likiwa na abiria wawili.

Shangazi, hukuambiwa, kwa sababu tuliogopa utasema sawa. Tumekuwekea jambo hili hadharani ili ujibu tukikutazama usoni. Redio anauliza kama unamtaka. Kama humtaki, mkatae, hatanuna. Haya, atanuna kidogo. Begi lake liko nyuma ya pazia hilo. Na ndiye anayesoma risala hii, Shangazi, na hatakaa chini mpaka umjibu.

Ni sisi, wafanyakazi wa Karakana ya Lenzi, meza ya mbele na chumba cha nyuma.