Tarumbeta Linalovuja

Mpiga tarumbeta alikuwa amepakata tarumbeta lake basini, akiwasikiliza wawili wa kiti cha mbele, ambao hawakuwa wakijuana hata kidogo.

"Mwanangu akinywa chai, inamtokea puani," mama mmoja alisema. "Anadai ni mafua."

"Mafua hayapitishi chai, mama," alijibu jirani yake, fundi wa meno ya bandia. "Ananusa kokeini?"

"Kidogo tu."

Wote hunusa kidogo tu. Mpiga tarumbeta naye alikuwa akinusa kidogo tu, kila mara kabla ya kupanda jukwaani.

"Basi ile kitu inakula, mama. Inaanza na pua, pua inabonyea. Halafu kaakaa linatoboka. Mimi ndiye ninayewachongea vizibo."

"Wangu hajafika huko."

"Akiongea, sauti haipitii puani?"

Mama akageukia dirisha.

Mpiga tarumbeta akalitazama tarumbeta lake. Siku hizi lilikuwa likikosa pumzi. Alishalipeleka kwa fundi wa ala likazibwe, likarudi vilevile, akamtukana fundi wa watu.

Basi likasimama kituoni kwake. Hakuinuka. Ulimi wake ulikuwa umeanza kupanda kulipapasa kaakaa, naye akauuma usifike.