Ng'ombe Aliyeuzwa Hajafa: Kwaheri ya Mwalimu Naftaly Kimaiyo

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Mwalimu Naftaly Kimaiyo anastaafu baada ya kufundisha hisabati katika chuo chetu hapa Nakuru kwa miaka ishirini na tisa. Mhariri wa jarida la wafanyakazi ameniomba nimuage kwa furaha. Nitajaribu, lakini nina hasira na sitaificha.

Mwalimu alitoka kwao Olenguruone mwaka wa 1996 akiwa na begi moja na sweta mbili. Baada ya miaka kumi na mitatu alianzisha kozi ya aktuaria, yaani hesabu za hatari, zile ambazo bima na pensheni huzitegemea. Wengi walimcheka wakiuliza ni nani Nakuru atakayelipa karo asomee watu watakufa lini. Yeye hakujali. Asubuhi alitutwanga kalkulasi na hesabu za uwezekano, mchana kompyuta, na alishikilia kila mtu afanye karatasi ya kwanza ya mitihani ya taaluma kabla ya kufika mwaka wa nne. Ukimpelekea jibu sahihi, alikurudisha ukaliandike upya kwa maneno ambayo mathe wako angeelewa. Tulimnung'unikia sana, lakini kazini tulimshukuru.

Kila darasa la mwaka wa kwanza lilipelekwa Subukia kwa Mama Wangare, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini ameandika kwenye daftari lake kila ng'ombe alizaliwa lini na aliondoka lini. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza jedwali la vifo vya ng'ombe hao. Na kila darasa lilikosea vilevile. Sisi tulitangaza kwamba ng'ombe wa Subukia hufa wakiwa na miaka minne! Mama Wangare alishika kiuno akatuuliza kama tuko sawa kichwani. Hao hawakufa, alifoka, aliwauza kila Januari watoto waende shule, na wengine bado wanakamuliwa huko walikokwenda. Mwalimu alikuwa nyuma ya zizi akicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akatufundisha kwamba aliyetoka kwenye daftari kabla hujauona mwisho wake hafai kuandikwa pamoja na wafu.

Sasa sikia hii. Mwezi wa Julai, kamati ya chuo ya kukagua kozi ilipendekeza aktuaria ifungwe. Eti kati ya wanafunzi arobaini na mmoja walioanza mwaka wa 2016, kumi na tisa tu ndio waliohitimu kwa miaka minne, na ishirini na wawili "wamepotea". Jamani! Watu wazima, wenye shahada zilizotundikwa ukutani, walifanya kosa la mwaka wa kwanza na hawakuona haya. Hakuna aliyechukua simu akampigia hata mmoja wa hao ishirini na wawili.

Mwalimu alipiga. Likizo yake ya mwisho yote aliimaliza akiwatafuta. Wanane walihamia kozi nyingine papa hapa chuoni, na mmoja wao anafundisha hisabati Gilgil. Watatu walihamia vyuo vingine. Wawili waliacha masomo kabisa, na hilo alilisema waziwazi. Tisa waliobaki waliahirisha masomo kwa shida za nyumbani, wakarudi, wakahitimu wakiwa wamechelewa. Alikwenda mbele ya kamati na majina yote pamoja na daftari la Mama Wangare, akaomba aonyeshwe ng'ombe aliyekufa ni yupi.

Kamati ilijibu kwamba imeyapokea maoni yake. Maoni! Wiki tatu baadaye ilikubali kozi iendelee, bila kumtaja na bila kuomba radhi. Nafasi yake haijatangazwa mpaka ninapoandika haya, na kozi isiyo na mwalimu itajifunga yenyewe. Wakubwa wa chuo, tangazeni nafasi hiyo. Tumechoka kuuliza kwa upole.

Mimi ni namba kumi na saba kwenye orodha ya waliopotea. Mama yangu alipopooza niliondoka chuoni miaka miwili kumuuguza. Kila mwezi Mwalimu alinipigia, akauliza hali ya mama kwanza, halafu akanitumia maswali matano ya kufanya. Leo ninafundisha katika idara yake.

Asante, Mwalimu, kwa kutuhesabu vizuri. Nenda ukapumzike Olenguruone, ufuge ng'ombe wako sasa, na Mungu akupe afya na miaka ambayo hakuna jedwali lako lililothubutu kuikadiria. Tarehe 14 Novemba mwaka wa kwanza wanaenda Subukia kama kawaida. Nitawapeleka mimi, na nafasi yako ya nyuma ya zizi tumekuwekea.

Jepkemei Rono, mhadhiri msaidizi, Idara ya Hisabati